Nilipomsubiri Baba Bagamoyo

Kila ninapoloweka majani ya kabichi kwenye beseni la maji ya chumvi ili wadudu watoke, jiko langu hapa Kihonda linajaa harufu moja ambayo sijaweza kumweleza mtu yeyote. Si harufu ya kabichi peke yake wala ya chumvi peke yake. Ni vile viwili vikikutana. Wanangu wakipita wanaziba pua. Wa mwisho, ambaye mdomo wake ameurithi kwangu, huniuliza kama napika au nafua. Huwa simjibu, kwa sababu wakati huo sipo tena Kihonda. Nipo Bagamoyo, nina miaka tisa, maji yamenifika kiunoni, na nimeshikilia tenga la kabichi kwa mikono miwili.

Kwanza niwaeleze tulifikaje huko, maana sisi watu wa milimani hatuna shughuli na bahari.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja pale Morogoro mjini. Sitakitaja jina, kilishakufa zamani. Tulipanga vyumba viwili Mafiga, mlango wa kijani, na ukutani juu ya redio kulikuwa na cheti chake cha ufundi ndani ya nailoni ili kisiingie vumbi. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Jioni alirudi ananuka grisi, na mimi ndiye niliyempelekea maji na sabuni. Grisi ile haikuwahi kutoka yote kwenye kucha, nami niliamini kwamba kucha za akina baba wote duniani ni nyeusi.

Halafu ikaja ile miaka ambayo wakubwa walisema kila kitu sasa ni ruksa. Kwa sisi watoto ilikuwa miaka mizuri sana. Sabuni ya kunukia, ambayo zamani Mama aliificha kwenye sanduku ikingoja mgeni wa maana, ikawa inapangwa dukani mpaka dirishani. Mitumba ikamwagwa sokoni, nami nikapata gauni lenye picha ya mnyama ambaye hata mwalimu hakumjua. Lakini miaka hiyo hiyo kiwanda kilianza kupunguza watu, mara idara hii, mara idara ile, mpaka siku moja Baba akarudi nyumbani saa nne asubuhi, hajachafuka. Sikuwa nimewahi kumwona saa nne asubuhi siku ya kazi. Nilimletea maji na sabuni kwa mazoea tu, naye akanawa mikono yake safi, taratibu.

Kodi ilipotushinda tukapanda mlimani, Mgeta, kwa kina Mama. Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo hamtamwelewa Baba. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Lukolo, ndivyo tunavyouita ukoo huo, ndio wenye matuta na migomba, na mjomba ndiye mgawaji. Mwanamume akihamia kwa mkewe analima shamba la mkewe na la watoto wake, lakini yeye mwenyewe ni mgeni, hata akae miaka arobaini. Aliyekulia mlimani hilo halimsumbui, ndivyo alivyoikuta dunia. Baba alikuwa Mluguru aliyekulia mjini, amezoea kuitwa Fundi, na mimi nilimwona akipungua wiki hadi wiki.

Matuta yetu yamechongwa ubavuni mwa mlima, moja juu ya jingine, na ukiteleza la juu utaokotwa la tatu. Baba aliteleza sana. Mikono iliyozoea spana ikatoka malengelenge kwa jembe. Mjomba Kalisti, kaka yake Mama, hakuwa mtu mbaya, ila hakuwa na breki mdomoni. Alikuwa akisimama tuta la juu, anamtazama Baba anavyohangaika, anasema, "Shemeji, hilo jembe, halina nati." Watu walicheka. Baba naye mwanzoni alicheka. Baadaye akaacha kucheka, na baadaye zaidi akaacha kuongea. Jioni alikaa kwenye gogo nje ya nyumba, anaitazama barabara inayoshuka kwenda mjini, na sisi watoto tukajifunza kupita nyuma yake.

Mama naye alikuwa akimtazama Baba anavyoitazama barabara. Alikuwa na sababu. Wanaume waliopunguzwa pamoja na Baba walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Jirani yetu wa Mafiga aliaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kutafuta, wiki moja tu. Ikapita masika, ikapita vuli, mkewe akawa anauliza kila dereva wa lori. Sidhani kama alikuwa mtu mwovu. Nadhani aliona haya kurudi mikono mitupu, na kila siku aliyochelewa haya ikazidi. Mwaka ule Mama aliogopa kitu kimoja tu, kwamba Baba naye atashuka ile barabara na hataipanda tena. Mimi sikuyajua hayo. Nilidhani wote wawili wanapenda kutazama magari.

Kiangazi hicho kabichi zilikubali mpaka tukakosa pa kuzipeleka. Zamani ungewalisha ng'ombe, kwa maana njiani kulikuwa na vizuizi na mazao hayakuvuka mkoa bila kibali. Sasa unaweka mzigo wako kwenye gari unakwenda unakotaka. Siku moja tukiwa tunakula, Baba akasema maneno mengi kuliko yote aliyosema mwezi ule. Dada yake, shangazi Vero, aliyeolewa Bagamoyo, alikuwa ameandika barua kwamba kule kabichi ni adimu. Baba angepeleka matenga mawili na kiroba cha karoti. Angekaa siku tatu.

"Nenda na Skola," Mama akasema, macho yake kwenye sufuria.

"Skola ana shule."

"Shule ipo tu. Akamsalimie shangazi yake."

"Njia ni ndefu, mama Skola."

"Ndiyo maana nasema usiende peke yako."

Baba akasema haya, akarudi kwenye ugali wake.

Asubuhi ya safari Mama alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka, akivuta nywele mpaka macho yakanitoka. Akiwa huko nyuma ya kichwa changu, nisikoweza kumwona uso, akanipa maagizo. "Sikiliza, Skola. Usimwache baba yako. Anapokwenda, na wewe upo. Na akikwambia umsubiri mahali, umsubiri hapo hapo. Usisogee hata hatua moja. Hata mtu akikuita, usiende. Ajue kuna mtu anamsubiri. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Nikarudia yote, neno kwa neno. Nilivimba kichwa. Kwa akili yangu ya miaka tisa nilielewa kabisa: Baba anaweza kupotea njia, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Bibi naye akanipa chupa tupu ya soda yenye kizibo cha gunzi, nimletee maji ya bahari. Tangu usichana wake alikuwa anaambiwa kwamba yana chumvi, na amechoka kuambiwa na watu asiowaamini.

Dar es Salaam niliiona kwa muda wa kula maandazi mawili. Lori la mboga lilitushusha sokoni, tukahamishia mzigo kwenye pikapu, tukaendelea. Njia nzima nilishika upindo wa shati la Baba. Alipokwenda chooni nilisimama mlangoni mpaka mwenye choo akaniuliza kama mimi ni askari. Baba alikuwa na mkoba wake wa turubai, ule wa kiwandani, ambao hakuwa ameugusa tangu tuhame Mafiga. Sikujiuliza wa nini. Nilijua tu kwamba kila nilipotaka kuuegemea nilale, aliuhamishia upande wa pili.

Bagamoyo ilinishangaza kwa udogo. Nilidhani mji wenye bahari lazima uushinde Morogoro. Nilikuta nyumba za mawe zilizobanduka chokaa, na milango mizito ya kuchongwa imefungwa kwa kufuli ilhali paa lilishaanguka na mbuzi wanaingilia dirishani. Katikati ya magofu hayo kulikuwa na kiduka kipya kabisa kinauza redio kaseti na ndala za rangi zote. Watu hawakuwa na haraka. Salamu zao peke yake zilichukua muda ambao kwetu mtu amekwisha palilia tuta. Joto nalo sikuwahi kuliona. Nililala nimelowa jasho nikidhani naumwa.

Shangazi Vero alikuwa mama lishe, mnene, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Alinipikia wali wa nazi na samaki, akanikaripia kwa kuwa nilimla samaki kwa kijiko. Lakini baada ya kula, yeye na Baba walikaa barazani wakiongea kwa sauti ya chini, na kile kicheko sikukisikia. Nilisikia neno Unguja mara mbili. Nilimsikia shangazi akisema, "Kaka, fikiri vizuri. Una watoto." Nikajua wanapanga bei ya kabichi.

Asubuhi iliyofuata tulishuka pwani na mzigo wetu kwenye mkokoteni. Shangazi alikuwa amesema tukae juu, karibu na vibanda vya wakaanga samaki, na kwamba yeye atapita adhuhuri kununua samaki wake atukute hapo. Nilikuwa na chupa ya Bibi mkononi. Tukatokea kwenye minazi, nikatazama, na bahari haikuwepo.

Nasema kweli. Palikuwa na mchanga mtupu, mgumu, wenye mikunjo, unakwenda mbele mpaka macho yanachoka, umetapakaa vidimbwi na mashua zimelala ubavu. Mbali kabisa kulikuwa na mstari wa buluu. Nilimuuliza Baba bahari imekwenda wapi. Yeye naye pwani alikuwa ameiona mara chache na kwa haraka, lakini alikuwa mtu mzima na alitakiwa kujua, kwa hiyo akajua. "Kiangazi hiki," akasema. "Imepungua."

Jibu lilinitosheleza, maana hata mto wetu kiangazi hupungua hivyo hivyo. Na kwa watu wa Mgeta mto ukipungua ni neema. Karoti haziendi sokoni na udongo. Unashuka nazo mtoni, unatua mzigo katikati ya mto, kwenye mchanga uliokauka, maana ndipo mahali pasafi kuliko kote, unaziosha kwenye vidimbwi vilivyobaki, unazipanga juu ya mawe zing'ae. Ndivyo alivyofanya Bibi, ndivyo afanyavyo kila mtu. Sasa sisi tukaupita ule mstari wa vibanda, tukausukuma mkokoteni mchangani, tukaenda mbele, mbele zaidi, mpaka tukapata mahali palipoinuka kidogo, pasafi, penye kidimbwi kizuri cha kuoshea karoti. Tukatua matenga. Watu wa vibandani walitutazama. Nilidhani wanazitamani kabichi zetu.

Niliosha karoti zote. Nikajaza chupa ya Bibi nikaonja, nikatema. Baba alirudisha mkokoteni kwa mwenyewe, akarudi na kashata mbili, zote akanipa mimi. Kisha akachuchumaa mbele yangu akaninyoosha kola ya gauni. Hakuwa na desturi hiyo.

"Skola, mimi naenda kuongea na watu kwenye boti lile. Wewe nisubiri hapa. Shangazi yako atakuja."

"Nikusubiri hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Akachukua mkoba wake akaondoka. Lile boti lilikuwa la mashine, limefungwa mbali kule kwenye mstari wa buluu, na watu walikuwa wanalifuata kwa miguu wakiwa na mizigo kichwani. Nilimtazama Baba anavyokuwa mdogo. Niliona anavua viatu, anaingia majini, anapanda. Akakaa na watu wengine amenipa mgongo. Nikaanza kashata ya kwanza.

Maji hayakuja kwa kishindo. Laiti yangekuja kwa kishindo ningekimbia. Kwanza kile kidimbwi changu kilipanuka kidogo, nikasogeza karoti. Kisha nikaona ulimi mwembamba wa maji unapita pembeni yangu kuelekea nchi kavu, nikaufurahia, nikatia miguu. Nilipogeuka nyuma, kati yangu na vibanda palikuwa na maji. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kisiwa changu na kabichi zangu, nina kashata moja na nusu.

Mama mmoja mkaanga samaki alitoka kibandani anapunga mikono. "We mtoto! We mtoto! Maji yanajaa, toka huko!"

Nilikumbuka. Hata mtu akikuita, usiende. Nikatikisa kichwa.

Maji yakanifika magotini. Yule mama akakunja kanga yake akaanza kuja. Alipofika karibu nilikumbuka kwamba sijamwamkia, nami nimelelewa vizuri, kwa hiyo nikiwa nimekumbatia tenga nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, toka majini! Nani kakuweka huku?"

"Baba kasema nimsubiri."

"Baba yako yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, maana mikono haikuwa na nafasi. Maji yalikuwa kiunoni. Yakaingia ndani ya matenga, na hapo likatokea jambo ambalo sijalisahau: kabichi zikaanza kuondoka. Zilinyanyuka moja baada ya nyingine, zikanitoka katikati ya mikono, zikaelea kwa adabu kuelekea pwani. Hapo ndipo harufu ile iliponiingia puani, na haijatoka. Yule mama alinishika mkono kunivuta. Nami, mkaidi wa kuzaliwa, nikajinyofoa. Nilikuwa naogopa sana, lakini niliogopa zaidi kwamba Baba atarudi asinikute, na kosa litakuwa langu.

Mashine ya boti ikaunguruma. Yule mama, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Bi Tatu, aliacha kunivuta. Akageukia bahari, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mkali ambao hata mchunga ng'ombe hana. Kisha akapaza sauti: "Wee baba wa kabichi! Mwanao anakufa maji!"

Nilimwona Baba akigeuka. Alisimama wima ndani ya boti, akatazama, na sijui aliona nini. Labda vichwa viwili na kabichi nyingi. Aliruka. Maji yalimfika kifuani, akaanguka, akainuka, akawa anakimbia ndani ya maji kama mtu anayekimbia usingizini, mikono inakwenda lakini miguu haifiki. Nilimwita, "Baba! Sijasogea!" Nilitaka ajue.

Alinifikia maji yamenifika kifuani na Bi Tatu amenishika kwapani. Alininyanyua na tenga langu, maana nilikataa kuliachia. Alinibana mpaka mbavu zikauma. Hakusimama mpaka tulipofika juu, kwenye vibanda, akakaa chini na mimi mapajani, msichana mkubwa wa darasa la tatu.

"Kwa nini hukutoka, Skola? Kwa nini hukutoka?"

"Uliniambia nikusubiri."

Nitasema wazi: Baba alilia, mchana kweupe, mbele za watu asiowajua. Wale watu wa Bagamoyo walifanya jambo ambalo nawaheshimu mpaka leo. Walijitia hawaoni. Wanawake wakaingia majini na kanga zao kufukuza kabichi, wanacheka, wanaitana, na karibu zote zikarudi. Bi Tatu akazirundika mbele ya kibanda chake akaanza kuzinadi yeye mwenyewe. "Njooni! Kabichi kutoka milimani, zimekwisha tiwa chumvi!" Kisha akatugeukia sisi. "Nyie Waluguru nyie! Bahari mmeifanya mto wa kwenu?"

Baba akacheka. Kicheko kilianza kidogo puani, kikashuka kifuani, kikamshika akashindwa kupumua. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu Mafiga. Nilicheka naye bila kujua tunacheka nini, kwa furaha tu kwamba kimerudi.

Shangazi Vero alikuja adhuhuri kama alivyosema. Alimtazama Baba, amelowa chapachapa, miguu mitupu, kisha akatazama bahari, ambako boti lilikuwa limebaki kidoa.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi," akasema Baba.

Niliona ni maneno ya ajabu kumwambia mtu aliyekwenda tu kuongea na watu wa boti. Nikamuuliza Baba mkoba wake uko wapi. Akasema umekwenda na maji. Nilimwonea huruma, nikampa ile kashata iliyobaki, imelowa. Akaila yote.

Tulirudi Mgeta siku ya tatu, kama alivyoahidi. Mama alikuwa kwenye tuta la miche ya karoti. Aliona vichwa viwili vinapanda njia, cha Baba na cha kwangu, akakaa chini pale pale, juu ya miche, ambayo sisi tungeikanyaga angetuchapa. Tulipofika hakuuliza habari ya matenga wala ya mauzo.

"Mmerudi wote?" akauliza, nasi tumesimama mbele yake.

"Wote," akasema Baba.

Bibi alionja maji yake, akakunja uso, akatema kwenye majivu. "Kwa hiyo ni kweli," akasema kwa masikitiko, maana alikuwa amewaita waongo watu wengi ambao sasa ni marehemu.

Baba hakuwa mkulima hodari hata baada ya hapo, nisiwadanganye. Lakini kabla ya masika mfanyabiashara mmoja alileta mashine ya kusaga pale kijijini, ya kwanza ya mtu binafsi, nayo ikafa wiki ya pili. Mjomba Kalisti ndiye aliyekuja mbio kumwita. "Shemeji, njoo," akasema, na safari hii hakuwa anamcheka, "hiyo ina nati." Baba aliifungua akaipanga vipande vipande juu ya mkeka, na jioni ikaunguruma. Alirudi ananuka grisi. Nilimletea maji na sabuni.

Miaka ikapita. Nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa, nikajenga hapa Kihonda. Kwa mshahara wangu wa kwanza nilitaka kumfanyia Baba kitu, nikawaza kukitia kwenye fremu ya kioo kile cheti chake kilichokuwa ukutani kule Mafiga. Nilipanda mlimani siku ambayo Baba hayupo, nikamuuliza Mama kilipo. Alikuwa anakata mboga, na hakuacha kukata.

"Kilikwenda Unguja," akasema.

"Kilikwendaje Unguja?"

"Kwenye mkoba. Pamoja na shati lake la kazi na viatu vyake vizuri."

Nilisimama na kisahani chake cha chumvi mkononi, na kila kitu kikaja kwa mpigo. Nani anakwenda kuuza kabichi na cheti chake cha ufundi? Na cheti, na shati lake la kazi, na viatu vyake vizuri. Kola aliyoninyoosha. Kashata mbili, zote za kwangu. Shangazi yako atakuja. Hakuwa amekwenda kuongea na watu wa boti. Alikuwa ameondoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nawasimulia watu kwamba Baba aliniokoa kwenye maji, na ni kweli aliniokoa.

"Mama, ulijua?"

"Cheti sikukiona sandukuni tangu wiki ile ya safari. Nilijua."

"Na ukanipeleka? Ningekufa."

Hapo aliacha kukata. "Mimi bahari nilikuwa naijulia wapi, Skola? Nilimjua baba yako. Mimi angeweza kuniacha. Mjomba wako na jembe lake angewaacha kwa furaha. Ila nilijua hawezi kumwacha mtoto aliyesimama mahali anamsubiri." Akarudi kwenye mboga zake. "Ndiyo maana nilikwambia usisogee."

Sikumwambia Baba kwamba najua, na yeye hajawahi kuniambia. Sina kinyongo naye. Nikilifikiria jambo lile huwa napumua tu, kama siku ile alipoinuka kutoka majini na nikaona kwamba anakuja upande wangu.

Sasa ni mzee, kucha zake zimekuwa nyeupe. Akija Kihonda kututembelea hawezi kukaa bure. Atakaza bomba, atafungua feni ambayo haijaharibika. Na akitoka, hata kama ni kwenda hapo dukani kununua vocha, hasemi nimsubiri. Neno hilo hajalitumia kwangu tangu Bagamoyo. Anasimama mlangoni, anahakikisha nimemwona, anasema, "Naja sasa hivi, Skola."

Anakuja. Kila mara anakuja. Nami, mtu mzima mwenye nyumba na watoto, huacha nilichokuwa nafanya na kusimama pale pale aliponiacha, sisogei, mpaka nisikie ndala zake zinarudi.